Beppu, Mji Unaopikia Mvuke wa Ardhini

Kannawa ni mtaa wa mlimani katika mji wa Beppu, mkoa wa Oita, kisiwa cha Kyushu. Asubuhi ya Januari, baridi ikiwa kali, mvuke mweupe hutoka kila upande: kwenye mabomba yaliyochomoza juu ya mapaa, kwenye mitaro ya barabarani, kwenye nyufa za kuta za mawe. Mgeni asiyejua hudhani mtaa unaungua. Chini yake kuna maji yaliyopashwa moto na volkano ya mlima Tsurumi, na kwa vizazi vingi wenyeji wamechimba visima vya kuufuata mvuke huo, wakauleta jikoni, bafuni na hata kwenye vibanda vya kutengenezea dawa ya kuogea.

Beppu ina chemchemi za majimoto zaidi ya 2,000, na hakuna mji mwingine Japani unaoifikia. Hata hivyo wageni wengi huipa nusu siku tu. Wanashuka kwenye basi, wanapiga picha madimbwi saba ya rangi, wananunua yai la kuchemsha, wanawahi treni ya jioni. Hiyo ni hasara kubwa. Madimbwi ni ya kutazamwa, lakini uhondo wa Beppu ni mvuke wenyewe: kuula kwenye chakula, kulala ndani yake, kufukiwa kwenye mchanga uliopashwa nao. Kwa hayo unahitaji siku mbili na usiku mmoja, na usiku huo ulale Kannawa, si karibu na stesheni.

Kufika hakuna shida. Kutoka Hakata, ndani ya jiji la Fukuoka, treni ya haraka iitwayo Sonic hufika baada ya takriban saa mbili. Ukishuka uwanja wa ndege wa Oita, kuna basi la moja kwa moja la chini ya saa moja. Walio Osaka wana njia tamu zaidi: meli ya usiku ya Sunflower huondoka mnamo saa 1 jioni na kutia nanga Beppu mnamo saa 1 asubuhi, kwa hiyo umesafiri na umelala kwa nauli moja. Kutoka stesheni ya Beppu hadi Kannawa ni basi la dakika 20 hivi, likianzia mlango wa magharibi. Hapa wageni hujikwaa. Unapanda kwa mlango wa nyuma na kuchukua kikaratasi chenye namba. Mbele juu ya dereva kuna ubao unaoonyesha namba hiyo na nauli yake, inayopanda kadiri mnavyokwenda. Unashuka kwa mlango wa mbele na kutumbukiza kikaratasi pamoja na pesa kamili. Kisanduku hicho hakirudishi chenji, hivyo vunja noti ya yen 1,000 mapema kwenye mashine iliyo ubavuni mwa dereva, basi likiwa limesimama.

Chungu kisicho na moto

Upishi wa Kannawa unaitwa jigoku mushi. Jigoku ni jahanamu, na mushi ni kupika kwa mvuke. Waliofika Ziwa Bogoria nchini Kenya wanajua yai la kuchemshia kwenye chemchemi, lakini hapa chakula hakigusi maji. Jiko ni sanduku la mawe au saruji lenye urefu wa kiuno, lina shimo juu na kifuniko kizito. Bomba kutoka kisimani huleta mvuke wa karibu nyuzi 100 usiku na mchana. Hakuna gesi wala mkaa, wala mtu wa kuchochea.

Ladha yake ina sababu. Maji ya chini ya Kannawa yana chumvi nyingi, na mvuke unapopanda hubeba chembe zake. Boga au kiazi kitamu kikitoka humo kina chumvi ya mbali sana, kana kwamba mpishi alinyunyiza kidogo akasita. Pili, mvuke ni mwingi na una nguvu, hivyo joto huingia kwa kasi na chakula hakipati nafasi ya kukauka. Kabichi hutoka ikiwa bado ya kijani na bado inakwaruza menoni. Ni chakula cha chukuchuku, lakini hakichoshi.

Mahali rahisi pa kujaribu ni Jigoku Mushi Kobo, jiko la umma lililofunguliwa mwaka 2010 katikati ya mtaa. Unapewa namba ya foleni kwanza, na Jumamosi na Jumapili foleni hiyo huzidi saa moja, kwa hiyo fika linapofunguliwa, saa 4 asubuhi. Kodi ya jiko dogo ni takriban yen 400 kwa dakika 20, na ukizidisha unaongeza. Unaweza kununua vyakula vilivyopangwa tayari kwenye ungo, au kuja na vyako kutoka dukani. Vyako ni bora: unalipa nusu ya bei na unachagua unachokijua.

Dakika ndizo zinazowaharibia watu. Kiazi kitamu kizima kinataka dakika 30, na kikiwa kinene kama kifundo cha mkono kinataka zaidi. Kikate mapande ya unene wa vidole viwili, dakika 20 zinatosha. Boga la vipande, dakika 15 hadi 20. Mahindi mabichi, robo saa. Kaa mzima, dakika 20. Kamba, 10. Nyama iliyokatwa nyembamba juu ya kabichi na chipukizi za soya, kati ya 10 na 15. Yai la kiini laini ni dakika 7, na la kiini kigumu ni 10 au 11. Sasa mgeni huweka vyote kwenye ungo mmoja, akaacha dakika 20, akatoa kamba wagumu kama mpira pamoja na kiazi ambacho kisu hakipiti katikati. Dawa yake ni kulipia dakika 30: viazi na boga viingie mwanzo, nusu saa ikikaribia katikati uongeze mahindi, na zikibaki dakika 10 uweke kamba na majani juu kabisa. Kila ukifunua unapoteza joto, kwa hiyo funua mara mbili tu, na kwa haraka.

Namna ya kufunua nayo ni elimu. Mvuke wa nyuzi 100 unaunguza vibaya kuliko hewa ya joto hilohilo, kwa sababu ukigusa ngozi unageuka maji papo hapo na kuiachia ngozi joto lote uliokuwa umelibeba. Vaa glavu ndefu unazopewa na uhakikishe ni kavu ndani. Simama ubavuni mwa jiko, si mbele yake, upepo ukitokea nyuma yako. Inua kwanza ukingo wa kifuniko ulio mbali nawe ili mvuke wa mwanzo uelekee huko, hesabu moja hadi tano, ndipo uvute ungo. Miwani ya macho ivue kabisa. Ikiingia ukungu utashika ungo kwa kupapasa.

Kwa Mwislamu, upishi huu ni faraja na pia una tahadhari yake. Faraja ni kwamba chakula kinaiva bila mchuzi wowote, na mchuzi ndio mtego mkubwa wa Japani: mirin, ambayo ni pombe tamu ya kupikia, huingia kwenye supu, kwenye sosi na kwenye samaki wa kuchoma. Tahadhari ni kwamba majiko na nyungo vinatumiwa na wote, na nyama inayopendwa hapo ni ya nguruwe. Nunua karatasi ya fedha ya jikoni, funga mayai, mboga na samaki wako ndani yake, toboa matundu machache juu ili mvuke upenye, na uongeze dakika 5. Jifunze alama mbili tu za maandishi: 豚 ni nguruwe, 酒 ni pombe. Nyumba kadhaa za wageni za Kannawa zina jiko lao la mvuke uani kwa ajili ya wapangaji, desturi iliyobaki tangu zamani, wakulima walipokuja kujitibu kwa majimoto kwa wiki nzima wakijipikia. Ukipata nyumba ya namna hiyo, umepata jiko usilogombania na mtu, hata saa 5 usiku. Beppu ina msikiti pia, kwa sababu Chuo Kikuu cha Ritsumeikan Asia Pacific, kilichofunguliwa mwaka 2000 juu ya mlima, kimeleta wanafunzi kutoka pande zote za dunia.

Kulala ndani ya mvuke, kufukiwa mchangani

Hatua chache kutoka jikoni kuna Kannawa Mushi-yu, bafu la mvuke ambalo masimulizi yanalihusisha na mtawa Ippen, aliyelianzisha mwaka 1276 baada ya kuituliza ardhi iliyokuwa ikifoka. Mlango wake ni kitoto: mbao ya mraba isiyozidi mita moja, unaingia kwa magoti. Ndani ni chumba cha mawe, giza, chenye ukubwa wa mikeka minane ya tatami. Sakafuni wametandaza majani makavu yaitwayo sekisho, yanayoota kandokando ya vijito visafi, na chini ya majani unapita mvuke. Harufu yake ni kati ya nyasi mbichi na dawa ya mitishamba. Unalala chali na kichwa juu ya mto mgumu, na mhudumu anahesabu dakika 8 kwa nje. Akigonga, unaweza kutoka au kuomba dakika mbili za ziada. Mara ya kwanza toka. Wengi huona wako sawa wakiwa wamelala, kizunguzungu huja wanapoinuka. Unahitaji fulana na kaptura, au ukodi yukata, vazi jepesi la pamba. Kiingilio ni kama yen 700. Kunywa maji nusu lita kabla, na mwenye mimba, presha ya juu au ugonjwa wa moyo asiingie kabisa.

Bafu la mchanga liko mjini chini, mwendo mfupi kutoka stesheni, katika jengo la Takegawara. Bafu lilianza mwaka 1879, na jengo lililopo, la mbao lenye paa la mikunjo kama hekalu, ni la mwaka 1938. Mchanga ni mweusi na mzito, na kila baada ya awamu hulowekwa kwa majimoto kisha maji yakaondolewa. Unavaa yukata bila kitu ndani, unajilaza kwenye mfereji uliochimbwa, na mama mmoja mwenye jembe anakufunika kuanzia miguuni hadi shingoni. Kinachoshangaza ni uzito kuliko joto: kifua kinabanwa, na unaanza kusikia mapigo ya damu kwenye visigino na ncha za vidole. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Mchanga ukikuunguza mgongoni usivumilie kwa adabu, sema "atsui", yaani moto, naye ataleta wa baridi zaidi. Nafasi ni chache na hakuna ubishi kwenye foleni, kwa hiyo fika bafu linapofunguliwa, saa 2 asubuhi. Ada ni kama yen 1,500.

Kwenye mabafu ya kawaida mtu huoga uchi, wanaume na wanawake mbali mbali. Pazia la mlangoni lenye 男 ni la wanaume na lenye 女 ni la wanawake. Unakaa kwenye kigoda, unajisugua kwa sabuni na kujisuuza mpaka povu liishe, ndipo unaingia. Taulo dogo halitumbukizwi majini, liweke kichwani. Maji ya Beppu yana moto usiozoeleka, nyuzi 43 au 44 mara nyingi, kwa hiyo jimwagie kata kumi miguuni na mabegani kwanza. Usifungue bomba la baridi bila kuwaomba wenyeji waliomo. Maji ni ya mtaa, na wazee hawapendi yapozwe. Asiyetaka kuvua mbele za watu ana njia halali na isiyo ya aibu: bafu la familia, kazokuburo, chumba chenye kufuli unachokodi kwa saa. Hyotan Onsen, iliyoanza mwaka 1922 huko Kannawa, inavyo vya namna hiyo. Pale nje utazame kifaa kiitwacho yumetake: rundo la vitawi vya mianzi limepangwa wima mithili ya fagio refu, maji ya nyuzi 100 yanamwagwa juu, yanatiririka kwa matone kwenye kila kitawi, na yakifika chini yana nyuzi 47 hivi. Hawajaongeza hata tone la maji baridi, maana kuongeza maji ni kuzimua dawa.

Jahanamu saba, na zipi za kuzipita

Madimbwi yenyewe hufunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni. Tiketi ya yote saba ni zaidi kidogo ya yen 2,000. Matano yako Kannawa, unayazunguka kwa miguu. Mawili yako takriban kilomita 3 mbali, na basi namba 16 ndilo linalounganisha. Umi Jigoku, jahanamu ya bahari, ni la kuanzia, mapema kabla mabasi ya watalii hayajafika: maji ya buluu ya kupendeza, nyuzi 98, yanayochemka kimya kimya chini ya pazia la mvuke. Oniishibozu ni tope la kijivu linalofura viputo vinavyofanana na vichwa vya watawa walionyolewa. Kaa hapo dakika tano, chagua kiputo kimoja, kitazame kinavyovimba, kinavyong'aa, kinavyopasuka na kuacha duara. Kamado wana mchezo unaofundisha fizikia: mhudumu anapuliza moshi kidogo juu ya dimbwi, na mvuke unafuka maradufu mara moja. Ni kwa sababu chembe za moshi huupa unyevu mahali pa kushikamana na kuonekana. Shiraike ni jeupe kama maziwa, ingawa maji yake hutoka ardhini yakiwa safi na kugeuka rangi yanapopoa na kupungukiwa shinikizo. Dakika kumi zinalitosha. Oniyama kuna mamba, waliofugwa hapo tangu mwaka 1923 kwa joto la chemchemi. Asiyependa kuona wanyama nyuma ya saruji na alipite.

Yale mawili ya mbali, anza na Tatsumaki, ambalo ni chemchemi inayoruka juu kila baada ya dakika 30 hadi 40. Likiwa limetulia ukifika, kaa. Ukiondoka kwenda kwa jirani utalikosa. Wamejenga kibanda cha mawe juu yake kuzuia maji yasiwaangukie watazamaji. Kisha uvuke kwa Chinoike, dimbwi la damu, wekundu wake ukitoka kwenye madini ya chuma yaliyomo kwenye tope. Wanauza marhamu ya ngozi yaliyotengenezwa kwa tope hilo.

Mzunguko huu una baba yake. Mbele ya stesheni kuna sanamu ya mzee aliyenyanyua mikono juu kama mtoto anayeruka: Aburaya Kumahachi, mwenye hoteli, aliyefariki mwaka 1935. Mwaka 1928 alianzisha basi la kuzungusha wageni kwenye jahanamu hizi, na kwa mara ya kwanza Japani waongozaji wakawa wasichana, wakieleza kila kituo kwa ushairi wa mizani saba kwa tano. Msomaji aliyelelewa na mashairi ya mizani nane kwa nane ataisikia mapigo hayo hata asipoelewa neno, na waongozaji wa basi hilo bado wanayaghani.

Kuhusu kula nje ya mvuke: toriten, kuku aliyechovywa kwenye unga wa maji na kukaangwa, ndiyo fahari ya mkoa, na huliwa na haradali na kabosu, tunda la kijani mfano wa ndimu iliyonenepa. Beppu reimen ni tambi za baridi zilizoletwa na Wajapani waliorudi kutoka Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, baada ya Vita Kuu ya Pili; mchuzi wake una nyama, uliza. Yaseuma itamkumbusha mtu wa pwani tambi za sukari: vibapa vya unga wa ngano vilivyochemshwa, kisha vikavingirishwa kwenye sukari na unga wa soya uliokaangwa.

Siku ya pili asubuhi panda Myoban. Jina lake maana yake ni shabu, ileile ya vinyozi wetu, iliyokuwa ikitengenezwa hapo enzi ya Edo (1603 hadi 1868). Leo vibanda vyake vya makuti ya nyasi huzalisha yunohana, chumvi ya kuogea. Mvuke unaingizwa chini ya sakafu ya mawe, juu yake umetandazwa udongo wa buluu, na gesi ikipenya kwenye udongo inaotesha fuwele kama barafu, milimita moja hivi kwa siku. Nyasi za paa hunywa unyevu bila kuudondosha, kwani tone moja likianguka fuwele zinayeyuka. Ndiyo maana hawajawahi kubadilisha kuwa bati. Mtaa mzima unanuka kiberiti upele. Vua pete na mkufu wa fedha kabla ya kushuka kwenye basi, la sivyo vitageuka vyeusi, na baada ya kuoga maji ya hapo, ambayo yana asidi, mwenye ngozi laini ajisuuze.

Yunohana huuzwa kwenye vipakiti, na ni zawadi nyepesi ya kubeba. Nyumbani kimoja kinatiwa kwenye beseni la plastiki la maji ya moto. Usitumie bati wala sufuria, maana asidi itakula chuma, na taulo jeupe liweke mbali.